Nasibu Yangu ya Wambaa

Siku mliponiaga pale ofisini mliandaa bahati nasibu ndogo: kila mtu jina lake katika karatasi, karatasi zote ndani ya bakuli, na zawadi ni ile feni ya mezani. Kabla ya kuchota mkaniomba nisimame niwaeleze vijana asili na maana ya neno lenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyeliandika katika kamusi yetu. Nikasema nimechoka, muulizeni mwengine. Mkanipigia makofi, mkasema mzee hapendi makuu. Wanangu, yale hayakuwa unyenyekevu. Nilikuwa na haya, na haya zenyewe ni za zamani kuliko baadhi yenu.

Sasa nipo nyumbani. Kazi yangu ni kumwagilia mchicha na kusahihisha Kiswahili cha taarifa ya habari, mbele ya mke wangu ambaye hajaniomba nifanye hivyo. Nafasi ninayo, basi ngoja niwaandikie nilichoshindwa kukisema nikiwa nimesimama. Nitaanza mwanzo, maana bila ya mwanzo hamtafahamu nilifikaje pale.

Nilianza kazi hii miaka ile ya foleni, Mapinduzi yameshatulia, mchele haujatulia. Nilikuwa mwalimu wa skuli, nikahamishiwa ofisi ya maneno ya hapa Chake Chake. Siku hizo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, kabati moja la mbao, na Maalim Bakari. Maalim Bakari alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Siku yangu ya kwanza alinipa kadi tupu akaniambia niandike maana ya kikombe. Nikaandika: chombo cha kunywea chai. Akaisoma, akaniuliza, "Na uji?" Nikafuta. Nikaandika upya, akauliza, "Na kama mkono wake umevunjika, si kikombe tena?" Tulikwenda hivyo mpaka adhana ya alasiri, na nilipotoka sikuwa na hakika kama nimewahi kukiona kikombe maishani mwangu.

Zana zetu zilikuwa chache. Kadi tulikata wenyewe kwa majalada ya zamani. Tuliandika kwa penseli, kwa sababu wino ukipata chumvi ya pwani unatapakaa na neno linakwenda nao. Tulikuwa na tepu moja ya kunasia sauti, nzito, inayokula betri, na betri kuzipata ni shida. Lakini ubaya wake mkubwa haukuwa uzito. Watu wakiiona tu waliacha kusema wanavyosema wakaanza kusema kama wanahutubia. Bibi mmoja wa Shumba, aliyekuwa akimtukana mbuzi wake kwa Kipemba safi kabisa, alipoiona alimgeukia mbuzi yule yule akamwambia, "Tafadhali, ondoka."

Ndiyo maana Maalim Bakari aliweka sheria yake, na mimi niliifuata miaka yote. Alisema neno usiliandike mpaka umelisikia kwa mtu aliyesahau kuwa unamsikiliza, na njia ya kumsahaulisha ni moja tu, nayo ni kushika kazi aliyoshika yeye. Akitwanga, twanga. Akichambua karafuu, chambua. Nilitwanga na kuchambua, na nilikuwa mbovu kwa vyote viwili, lakini maneno niliyapata.

Sitaki mdhani kazi hii ilikuwa ya fahari. Kumuuliza mtu mzima jina la kitu anachokijua tangu utotoni ni kazi yenye haya ndani yake. Mwanamke mmoja aliniuliza kama sisi kwetu hatuna wazazi, hata nimetoka mjini kuja kumuuliza yeye jina la mwiko. Nilizoea haya ndogo ndogo za namna hiyo, kama mpishi anavyozoea moshi, na nikadhani nimeshapata zote za kupata.

Kisha likaja swali la bahati nasibu. Klabu moja ya mpira ya hapa mjini ilitaka kuchezesha mchezo huo ili ipate fulana na viatu. Mzee mmoja wa msikitini akasema hiyo ni kamari. Mwengine akasema si kamari, ni kura, na kura imo hata katika vitabu vya dini. Wakabishana mpaka wakachoka, ndipo likaja wazo la kutuuliza sisi: neno hili nini maana yake, na limetoka wapi.

Nusu ya kazi ilikuwa nyepesi. Bahati tuliipata kwa Waarabu, na Waarabu waliipata kwa Waajemi. Nasibu ni Kiarabu chenyewe, na maana yake ya asili si mchezo hata kidogo. Ni fungu, sehemu ya mtu, kile alichokadiriwa. Maalim mmoja wa Kiarabu alituambia kuwa Waarabu wa leo mchezo huo wanauita yanasibu, kama mtu anayeliita fungu lake, ewe nasibu, njoo. Kura nayo ni ya huko huko. Mpaka hapo hata mvivu angeweza kufika. Lakini Maalim Bakari hakuridhika. Alisikia kuwa upande wa Wambaa wavuvi bado wanagawana samaki kwa kura, na kila mmoja fungu lake huliita nasibu. "Kama ni kweli," aliniambia, "basi neno lina miguu, halikutoka kitabuni tu. Nenda ukalisikie."

Nilikwenda Wambaa, nikalala kwa jamaa, na asubuhi nikashuka pwani. Tepu niliiacha. Nilichukua kadi mfukoni na penseli sikioni. Walikuwa wanavuta juya, ule wavu mrefu unaovutwa kwa kamba kutoka nchi kavu, wanaume safu mbili, maji magotini. Nikakumbuka sheria ya Maalim. Nikakunja suruali, nikashika kamba.

Wakacheka, wakanipisha. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa anaitwa Kombo, mtu wa makamo, kifua kipana, mdomo haufungi. Tangu niliposhika kamba alikuwa na habari moja tu, kwamba siku ile wakwe wanakuja. Kijana wa Wesha alikuwa amemposa binti yake, Mize, na baba wa kijana, Mzee Shaame, mtu wa mashua na mizigo pale bandarini, alikuwa anakuja mwenyewe kula chakula cha mchana na kuona anapopeleka mwanawe.

"Yule akiona mtu mnyonge arudi na posa yake," Kombo alisema. "Mchele n'nao, Bi Time kauficha tangu mfungo. Nazi n'nazo. Nataka kolekole mmoja tu, mkubwa, niweke mbele ya wanaume wazima."

"Muombe Mungu," akajibu mmoja nyuma yangu, "sie twavuta kamba tu."

Wote wakacheka, na Kombo akacheka zaidi yao. Mimi nilikuwa nashughulika kuyaweka kichwani maneno ya kamba na ya wavu. Nilimsikia vizuri sana, ndiyo kazi niliyolipiwa, na sikufahamu hata kidogo kuwa ananihusu.

Wavu ulipotoka haukuwa na kitu cha maana: tasi wengi, vibua, changu wachache wadogo, na kolekole mmoja. Mmoja, lakini wa haja. Mzee Faki, nahodha wao, akapita na kifuu cha nazi, na kila mtu akatia kitu chake ndani: huyu gamba la kombe, huyu kifungo cha shati, huyu jani la mkandaa. Alipofika kwangu akasimama. Nikaona wananifanyia hisani, wananionesha mchezo wao kwa karibu. Nikatoa penseli sikioni nikaitia. Niliitia kwa furaha, kama mtu anayealikwa kupiga picha.

Pale pwani aliyeshika kamba ana fungu, awe nani, na nani wa kumwambia mgeni aliyelowana suruali kwamba hana. Mafungu hupangwa kwa hesabu ya vitu vilivyomo ndani ya kifuu. Kwa hiyo walipopanga, walipunguza hapa na hapa ili litoke fungu moja zaidi. Wanajitahidi yalingane, na kolekole hakatwi, basi alilala peke yake bila ya kuongezewa kitu. Kisha akaitwa mzee aliyekuwa akipita, ambaye hakuona nani katia nini, akapewa kifuu, akaweka kitu kimoja juu ya kila fungu.

Penseli aliiweka juu ya kolekole.

Nilicheka. Nitawaambia ukweli, nilicheka kwa sauti, nikatoa kadi na kutafuta penseli niandike, na penseli ndiyo ile iliyolala juu ya samaki. Hapo ndipo nilipoona kuwa ninacheka peke yangu. Kombo alikuwa amechutama mbele ya fungu lake, gamba lake la kombe limekaa juu ya tasi na vibua, samaki wa miba wa kuliwa na watu wa nyumbani wakiwa peke yao. Kwa mizani labda fungu lake lilikuwa sawa na langu. Kwa mkwe halikuwa sawa.

"Nasibu yake," alisema Mzee Faki kwa sauti ya kawaida, akanielekezea samaki. Hivyo neno nililifuata na nililipata, kwa mtu aliyesahau kuwa namsikiliza.

Nikafanya kosa juu ya kosa. Nikamnyanyua yule kolekole kwa mashavu yake, nikampelekea Kombo pale pale mbele ya wote, nikamwambia, "Bwana Kombo, chukua huyu, mimi sina kazi naye."

Kombo hakunyanyuka. Alisema taratibu, "Mie nimetoa changu, nimepata changu. Sikuja pwani kuomba."

Akakusanya tasi wake akaondoka. Mzee Faki akanivuta pembeni. Hakunifokea, na ningeshukuru angenifokea. "Bwana, watu hawapewi hivyo," aliniambia. "Umemfanya maskini mbele ya wenziwe. Ukitaka kulitengeneza, nenda kwake, piga hodi kama mgeni. Mgeni akija na kitoweo mkononi hakuna wa kumrudisha."

Nikaona ni shauri jema, na lilikuwa jema. Nilioga, nikavaa shati kavu, nikaenda nyumba ya Kombo nikapiga hodi. Alitoka yeye. Alimtizama samaki, akanitizama mimi, na kwa kuwa nilikuwa mlangoni kwake na nimetoa salamu, hakuwa na njia. Akageuka ndani akasema, "Bi Time, mgeni huyu. Kaja na kitoweo."

Bi Time, mkewe, alitoka na uso wa mtu aliyeokolewa. Alimpokea samaki kwa mikono miwili, akaniombea dua mpaka nikatizama chini. Nikasema basi, nimeshafika, naomba ruhusa. "Kwenda wapi?" akasema. "Mtu alete samaki kisha asile, watu watatuonaje?" Nikamtizama Kombo anisaidie. Kombo akatandika mkeka.

Mzee Shaame alifika na ndugu zake wawili kabla ya adhuhuri. Alikuwa mnene, mpole, kanzu imepigwa pasi, na macho yake yalikwenda kwenye paa, kwenye ukuta, kwenye mkeka, bila ya kujificha sana. Tukaswali, tukaketi. Lilipoingia sinia, wali wa nazi umepanda na kolekole katandazwa juu yake mzima, niliona mabega ya Kombo yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nikajisemea, alhamdulillahi, limepita.

Ndugu mmoja wa Mzee Shaame akasifu samaki, akauliza kama wamempata leo. Kombo akafungua mdomo. Lakini Bi Time, aliyekuwa nyuma ya pazia, alikuwa na shukrani nyingi na hakuwa na habari za pwani. "Kaletwa na bwana huyo," akasema. "Mgeni wetu, mtu wa serikali, katoka Chake."

Mzee Shaame akanigeukia, na huko kunigeukia kwake ndiko ninakokumbuka kuliko yote. Mpaka hapo nilikuwa mtu fulani aliyekaa pembeni ya mkeka. Sasa akataka kujua jina langu, ofisi yangu, mkubwa wangu. "Kumbe Kombo ana watu," alisema. "Nami nadhani nimekuja kwa mvuvi tu." Akavunja kichwa cha kolekole, mahali pa heshima, ambapo mwenye nyumba humkatia mkwe wake, akaniwekea mimi. Nilimtizama Kombo. Alikuwa amekamata birika, anangojea kutunawisha.

Nilipaswa kusema. Maneno yote ya kisiwa hiki nilikuwa nayo katika kabati, na pale sikupata hata moja. Ningesema samaki si wangu, ningemwita mkewe muongo. Ningesema nimempata kwa kura, ningelazimika kueleza alivyomkosa Kombo. Kwa hiyo nilikula. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo lilinitia haya mbele ya nafsi yangu, kwamba ulimi haukujua kitu, uliendelea na kazi yake.

Tulipomaliza, Mzee Shaame alisema aliyokuja kuyasema. Nyumba kaiona, watu kawaona, na kijana wake mwenyewe karidhia. Kisha akaniwekea mkono gotini. "Kwa heshima yako, bwana," aliniambia mimi, "sisi tumekubali."

Aliniambia mimi. Baba wa binti alikuwa pale pale, anamwagia maji mikono ya mtu mwengine. Kombo akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kumwaga maji nje.

Alinisindikiza mpaka njia ya gari. Nilijaribu kuomba radhi, nikaanza mara mbili, na maneno yakanitoka kama yameandikwa katika kadi. Akanikatiza. "Mize kapata mume," alisema. "Hilo ndilo nililolitaka." Tukatembea. Gari ilipoonekana akaongeza, "Siku ya harusi uje. Watakuulizia weye."

Ofisini niliandika kadi. Nikaeleza tofauti niliyoiona kwa macho: katika kura ya pwani kila aliyetoa chake anaondoka na fungu, dogo au kubwa, ila katika bahati nasibu ya klabu wanatoa wengi na anapata mmoja, na nasibu za wenziwe ndizo zawadi yake. Klabu walifanya nini na maelezo hayo sikumbuki, nadhani walicheza. Kwenye nasibu niliandika: fungu ambalo mtu hulipata bila ya kulichagua wala kuweza kulirudisha. Maalim Bakari akaisoma, akachukua kifutio, akafuta maneno matatu ya mwisho. "Hiyo si maana," alisema, "hayo ni malalamiko. Umefanya nini huko?" Nikamwambia nimeshika kamba. Akanirudishia kadi.

Siku ya harusi ilipofika sikwenda. Nilijiambia kuwa nikienda nitawekwa mbele, na kila nitakavyowekwa mbele Kombo atasogezwa nyuma, na harusi ya bintiye angalau iwe yake. Ilikuwa sababu nzuri, na ilikuwa uoga pia. Nilikaa ofisini napanga kadi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Baada ya siku kidogo nikasikia hodi. Kombo, kanzu na kofia, ametoka Wambaa mpaka Chake, na mkononi mkoba wa ukili umefungwa vizuri. Aliuweka juu ya meza, kwenye kadi zangu. Ndani mlikuwa na halua na mkate wa ajemi na kipande cha nyama kilichokaushwa. Mnajua kwetu mgeni aliyealikwa asipofika fungu lake huwekwa, na kuliweka ni kazi ya wanawake, na kulipeleka ni kazi ya yeyote aliyepo. Hakupaswa kuja yeye.

"Fungu lako," alisema. Hakukaa kitini ingawa nilimpa kiti.

"Bwana Kombo, mimi..."

"Waliulizia. Mzee Shaame kauliza zaidi ya mara moja. Kawaza labda tumegombana, au mtu wangu wa serikali hakuwa mtu wangu." Aliyasema bila ya hasira, kama anayeeleza njia. "Nimewambia unaumwa kifua. Basi ukikutana naye, kohoa kidogo."

Akaaga kwa adabu zote, akaondoka.

Nilikutana na Mzee Shaame mara nyingi katika miaka iliyofuata, maana karatasi na penseli zetu zilishukia Wesha na yeye ndiye aliyekuwa na bandari mkononi. Kila aliponiona aliacha shughuli zake akaja kunipa mkono, na mimi, kabla hajafika, nilikohoa. Aliniletea asali. Mara moja aliniletea mizizi, na maelezo ya kuichemsha. Kila mara aliuliza kama napata nafuu, na nikamjibu kidogo kidogo, na kila mara alimaliza kwa kuniambia habari za wajukuu zake, watoto wa Mize, na kwamba babu yao wa Wambaa ni mtu mwenye bahati, kwa kuwa na rafiki kama mimi.